Huyo Msimguse

Sikusimuliwa haya. Yalimpata mama mdogo wangu, fundi cherehani, na mimi nilikuwepo.

Siku ilianza vizuri tu. Mama mdogo alikuwa anapiga pasi, mimi nashikiza vifungo. Ukutani palikuwa na tangi la kioo la maji ya chumvi, lenye mawe, matumbawe na samaki wawili. Mama mdogo alizawadiwa na shoga yake, muuza samaki wa mapambo tuliyemwita Mama Samaki, kumshukuru kwa gauni la harusi alilomshonea. Watu walisema mama mdogo na shoga yake ni chanda na pete. Hata mimi nilisema hivyo, mjinga mimi.

Siku hiyo tuliona minyoo kwenye jiwe. Mama Samaki akaja, akaanza kututambulisha kwao kama wakwe. Yule wa waridi mwenye vinywele ubavuni anakula makombo, mwacheni, ila vinywele vinachoma. Wale bapa ni waharibifu, wavuteni kwa mpira wa kunyonya maji. Kisha akamwona mmoja mwekundu, mwembamba, anapepea kwenye tundu la jiwe.

"Huyo anaficha mwili, anatoa mikono tu," akanong'ona. "Huyo msimguse."

Tukamwamini. Nani asimwamini shoga yake?

Baada ya hapo vidole vya mama mdogo vikaanza kufa ganzi. Sindano zikamdondoka, mishono ikaenda upogo. Hospitali hawakuona kitu. Mkono wake ndio uliomlisha na kumjengea jina, na sasa ulikuwa unamtoka. Wakati huohuo Mama Samaki, ambaye hata pindo alikuwa hajui kukunja, akafungua duka la ushonaji.

"Yule ana mkono kama wako!" wateja walitwambia. Mama mdogo akacheka, eti ni bahati ya rafiki yake.

Alasiri moja nilisogea kwenye kioo. Mnyoo alikuwa amerefuka. Samaki hawakumkaribia. Nikamtazama tena. Alikuwa na msokoto.

Mnyoo hana msokoto.

Nikachukua kibano, nikavuta. Ukaja. Ukazidi kuja. Nyuma yangu mama mdogo akaguna, ameshika kiganja chake. Nikavuta tena. Mwishoni ikatoka sindano, ile yake yenye kichwa kilichopinda, iliyopotea siku Mama Samaki alipokuja kujaribu gauni.

"Uzi," mama mdogo akanong'ona. "Mimi, fundi mzima, nimeshindwa kuutambua uzi."

"Alituambia ni mnyoo, mama."

"Nilimvalisha kwa mikono hii."

Akalia, na hakuwa analilia vidole. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wetu alikuwa ndani ya gauni tulilolishona wenyewe.

Jiwe tulilivunja, tangi tukalikausha. Uzi na sindano nikavifungia kwenye chupa. Vidole havikupona. Duka la Mama Samaki linajaa mpaka leo.

Leo nimetoa blauzi yangu kabatini. Mkono mmoja umeshonwa ukazibwa kabisa, kwa uzi mwekundu, mbichi, unaonuka chumvi. Nimekimbilia chupa. Kifuniko kimekaza. Ndani imebaki sindano peke yake.

Nimempelekea mama mdogo ile blauzi. Ameupapasa mshono kwa kiganja, maana vidole havisikii. Akaupapasa tena.

"Mshono huu ni mkono wangu," amenong'ona.