Kioo cha Pili

Yaliyompata Cubaka, fundi wa mashine wa Rumonge wakati wa vita, aliyasimulia mara moja tu.

Mariam alimletea laptopu ya marehemu mume wake, Amissi. Iliunguruma, lakini kioo kikabaki giza.

“Bado inapeleka picha kwa kile kioo kikubwa cha kazini, mama,” Cubaka akamwambia.

Kile kiliteketea ofisini pamoja na Amissi. Cubaka ndiye aliyemfungia kufuli kwa nje, kama alivyoomba mwenyewe, ili wenye bunduki wadhani hamna mtu. Risasi ziliporindima, akakimbilia ziwani na ufunguo. Mariam hakujua.

Cubaka akabonyeza kitufe, picha ikarudi. Mashine ikaonyesha vioo viwili vimeunganishwa. Akapapasa tundu la waya wa kioo cha pili: tupu.

Feni ikanyamaza. Ukingoni mwa kioo ukurasa ukaingia polepole, kana kwamba unatoka kwenye kile cha pili, umeandikwa: “Cubaka, moshi. Fungua.”