Mwanamke Aliyekanwa Hemani

Verlene Tackett na mama yake, Bi Odessa, waliishi wawili tu nje kidogo ya mji wa Tahlequah, Oklahoma, na kila baada ya kula viti vilirudishwa chini ya meza, maana Bi Odessa hakuvumilia uzembe. Jumapili ile walipotoka kanisani, kiti kimoja kilikuwa kimevutwa na kugeuzwa kutazama mlango. Mto wake wa kukalia ulikuwa umelowa chapachapa. Ilikuwa Julai, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tano.

"Umemwaga maji hapa, Mama?"

"Mimi? Kwani mimi mtoto mchanga?"

Jiko lilinuka blanketi la sufu lililonyeshewa. Verlene alifuta kiti, akapakua maharage na mkate wa mahindi, kisha akatoa bahasha yake.

Kazi yake maktabani ilikuwa kuwatafutia watu mababu katika rekodi za kale. Kila wiki alikuja mtu kuapa kwamba bibi yake alikuwa binti wa mfalme wa Wacheroki, wenyeji wa asili wa nchi ile, na kila wiki Verlene alimweleza taratibu kwamba Wacheroki hawakuwa na mfalme. Ijumaa iliyotangulia ilikuwa zamu ya ukoo wake mwenyewe. Alikuwa amepata nakala ya ushahidi ambao Reuben, babu yake Bi Odessa, aliutoa mwaka 1901 hemani, mbele ya tume iliyokuja kuandikisha Wacheroki na kuwagawia ardhi. Picha ya Reuben ilitundikwa sebuleni, na nyumba nzima ililelewa kwa sifa zake. Alianza kusoma kwa sauti, kwa majivuno hasa.

"'Swali: Mwanamke mweusi aliyesimama nje kwenye mvua, aitwaye Lucinda, anasema ni dada yako, mama mmoja. Ni kweli? Jibu: Simjui. Alikuwa kijakazi wa baba yangu.'"

Nyuma yao kitu kilianza kudondoka sakafuni, matone mazito, kama nguo iliyoanikwa bila kukamuliwa. Hakuna aliyegeuka.

"Ungeacha karatasi hizo zilikolala," Bi Odessa alinong'ona.

"Ulijua?"

"Babu alinisimulia mwenyewe kabla ya kufa. Mama yao alikuwa mmoja. Yeye alitoka mweupe, akaogopa wangemwona na dada yake wakamfuta kwenye kitabu cha Wacheroki. Lucinda akaondoka bila kuandikwa popote. Alikufa majira ya baridi ya mwaka uleule."

Jessamine Rowe, aliyekaa na Verlene dawati moja maktabani, alikuwa ametafuta kwa miaka kumi na moja ndugu yeyote wa Lucinda, mama wa bibi yake. Mezani hapohapo alikuwa amekula mara ngapi! Na Bi Odessa alimtazama machoni, akamwongezea chakula, akamwambia Mungu atamsaidia, atapata tu.

"Umenisaliti, Mama. Umetusaliti mimi na Jessamine."

Bi Odessa aliinuka akaanza kukusanya sahani. Na kuanzia siku hiyo watu walianza kumkana.

Jumatano muuza duka alimuuliza kama ni mgeni mjini. Jumapili shemasi, aliyemjua miaka arobaini, alimpa mkono na kumkaribisha Oklahoma. Jioni Dwight, mwana wa kiume wa Bi Odessa, alipiga simu kama kawaida, na Verlene alipompa mama yake mkono wa simu alimsikia kaka yake akisema kwa adabu kabisa kwamba samahani bibi, amekosea namba, kwamba mama yake yeye alishafariki siku nyingi, na harufu ya sufu mbichi ikajaa nyumba hadi wakawa wanapumulia mdomo, na kile kiti, kilichokuwa kimerudishwa chini ya meza mara tatu siku hiyo, kikajivuta chenyewe taratibu mbele ya macho yao na kuugeukia mlango.

"Verlene," mama alisema, "wewe bado unanijua?"

"Nakujua, Mama."

"Usiniache."

Mganga, Mzee Levi Bearpaw, alikuja Alhamisi na tumbaku yake. Alizunguka nyumba akifukiza, lakini alipofika jikoni akaizima tumbaku.

"Huyu simtoi," alisema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Mzuka wa nje ningeufukuza. Huyu mama yuko kwao. Nimfukuze aende wapi? Mtajeni mbele ya damu yake."

Ijumaa Jessamine aliitwa. Alikuja na mkate wa pichi, kama kawaida yake, akicheka, "Mbona mna sura za matanga?" Bi Odessa alisimama akishikilia meza.

"Lucinda alikuwa dada wa babu yangu. Alimkana. Nami nikakukana wewe. Nisamehe, mwanangu."

Harufu ikakatika papo hapo. Simu ikalia, na Dwight alisikika akiuliza, "Mama yuko wapi? Mbona wiki nzima sijaongea naye?" Bi Odessa aliangua kilio.

Jessamine alikuwa anasoma nakala ya ushahidi iliyokuwa mezani. Vidole vyake vilitua kwenye mhuri wa tarehe.

"Hii umeichukua lini, Verlene?"

"Wiki mbili zilizopita. Ijumaa."

"Kwa hiyo Jumatatu ile ulijua. Jumanne ulijua. Umekunywa kahawa yangu wiki mbili ukijua."

"Niliogopa kwa ajili ya Mama. Jess, nilitaka—"

Jessamine alikunja karatasi, akazitia mkobani na kutoka barazani. Simu yake iliita kabla hajafika kwenye gari. "Niko njiani," Verlene alimsikia akisema. "Hapana, sijui ni kina nani. Bibi mmoja na binti yake."

Verlene alimkimbilia, akamshika mkono. Alimtazama usoni akitafuta hasira, kwa sababu hasira angeiomba radhi. Jessamine alimtabasamia kwa upole na kumuuliza kama anahitaji msaada wowote.