Sifuri Bilioni Kumi

Mkono-mwakilishi ulishona ganda la nyanya mbivu bila kutoa hata tone la maji. Vidole vyake sita vya chuma vilikuwa Sumbawanga, katika chumba cha upasuaji cha kituo kipya cha afya. Aliyekuwa akivichezesha, Daktari Mwantimwa, alikuwa Dodoma, amevaa glavu za hisia. Akikunja kidole kule, kidole kinakunjika huku. Kati yao palikuwa na mkongo, waya wa kioo unaopitisha mwanga, na kazi ya Skolastika Kapele ilikuwa kuupima mkongo huo kabla mgonjwa hajalala mezani.

Mgonjwa mwenyewe, Mzee Wensi, alikaa kwenye benchi la ukumbini kajifunga shuka la hospitali, uvimbe wa shingoni ukiwa kama yai la bata. Zamu hii aliisubiri miezi minne. Ikipotea leo, nyingine ni baada ya miwili, na uvimbe ulishaanza kumbana koo.

"Binti," alisema kupitia mlango ulio wazi, "wewe unapima mbio, mbona mwenyewe hukimbii?"

"Nikikimbia mimi, baba, utalia wewe."

Mzee akacheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

Skolastika aliandika amri kwenye kioo cheusi. Programu iliitwa kipimambio. Haikuwa na picha wala vitufe: unaandika mstari mmoja, inatuma faili Dodoma, inakupa namba. Ikatoa megabaiti mia tisa na arobaini kwa sekunde. Zilizotakiwa ni mia tatu.

Bosi wake, Mhandisi Kiwelu, alichungulia begani kwake. "Mia tisa! Saini basi. Au unangoja namba ikupe shikamoo?"

Hakusaini. Alikuwa akiangalia kisanduku cha ukutani, pale mkongo unapoingia, chenye mita yake ndogo. Faili lilikuwa la gigabaiti kumi. Mita ilihesabu kama vile imepita picha moja ya simu.

"Mhandisi, mzigo umefika Dodoma wote, lakini hapa mlangoni haukupita."

"Mita mbovu hiyo."

Akarudia mara tatu. Mita ikasema vilevile mara tatu.

Ndipo alipolifungua faili la jaribio, lile ambalo mafundi wote wa kampuni walizoea kulitumia kwa sababu hutengenezeka kufumba na kufumbua. Ndani mlikuwa na sifuri tupu, bilioni kumi. Na kila ncha ya mkongo ilikuwa na kikunjio, mashine inayokunja kila kinachojirudia ili kisibebwe mara mbili. Mtu akitaka kukwambia sifuri bilioni kumi hakusomei moja moja. Anakutajia jumla, unajaza mwenyewe. Ndivyo mashine zilivyofanya, na kipimambio kikahesabu safari ambayo haikusafiriwa.

Shingo ya mtu haikunjiki hivyo. Nyanya ilishonwa kwa kamera moja. Upasuaji ungewasha kumi na mbili, na damu haitoi picha mbili zinazofanana.

Skolastika akachukua faili la picha za koo la Mzee Wensi, akalituma hilo. Safari hii mita ilikimbia, na namba ikachelewa kuja. Hamsini na nane.

Kiwelu akavuta kiti. "Kwa mwendo huo picha inamfikia daktari imechelewa nusu sekunde," alisema taratibu. "Anakata pale mshipa ulipokuwa, siyo ulipo."

"Ndiyo."

"Na huyu mzee hana miezi miwili, Skola."

"Hana. Basi apelekwe Dodoma mwenyewe, leo hii, kwa ndege ya wagonjwa. Wewe omba ndege, mimi naandika sababu."

"Ukiandika sababu, watauliza na kuhusu vituo vingine."

"Wataachaje kuuliza?"

"Kumi na moja, Skola. Vyote umesaini wewe."

"Idadi naijua."

Akaandika 58 kwenye fomu, akatia saini chini ya neno HAUFAI. Kiwelu aliitazama saini ile, akainuka kwenda kupiga simu.

"Kumbe napanda ndege!" Mzee Wensi alisema walipokuja kumchukua. "Mngesema mapema nivae suruali."

Ndege ilipoondoka, Skolastika alifungua orodha ya vile vituo. Cha sita kilikuwa na alama nyekundu. Mwezi wa saba, mkono-mwakilishi wa pale ulikata neva ya sauti ya Editruda Nandi, mwalimu wa kwaya. Ripoti ilisema ni kosa la daktari. Daktari alikubali, akaacha kazi.

Akaingia kwa mbali kwenye mashine ya kituo hicho, akatuma faili la picha za koo kutoka kule hadi Dodoma. Sitini na moja.

Akatafuta namba ya simu ndani ya ripoti, akapiga. Alipokea mwanamume, akasema yeye ni mumewe Editruda. Skolastika akaeleza kwamba anapiga kwa ajili ya mkewe, kuhusu ile operesheni.

"Yuko hapa, nimemwekea simu sikioni," mwanamume alisema. "Anakusikia vizuri, ila kukujibu hawezi. Wewe sema tu, dada."

Skolastika akaanza na jina lake.