Majina ya Toleo la Zamani

"Nimefungiwa stoo, Bundi. Nawasikia wanakuja."

Sauti ya Shangazi kwenye redio ya Motorola ilikuwa tulivu mno. Utulivu huo ndio uliomtisha Bundi.

Miaka yote walifanya kazi kwa redio tu, kwa majina ya bandia. Idara yao ya ujasusi ilikataza majasusi wake kuonana sura; wakionana, hutenganishwa. Bundi hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumuuliza kama amekula.

Alijibanza kwenye chumba cha mitambo ya lifti, ovaroli ya fundi mwilini, bastola ya Glock kiunoni, kompyuta magotini. Chini yake, walanguzi wa silaha walikuwa na programu moja iliyoendesha milango yote. Ikiamriwa, humwaga gesi ya sumu stoo.

Akaiingilia kwa dibaga, chombo cha kuchungulia matumbo ya programu inayofanya kazi. Ikamtapikia anwani tupu za kumbukumbu. Namba juu ya namba. Majina ya kazi zilizokaa kwenye anwani hizo yalikuwa yameshafutwa.

Bahati nzuri, Shangazi alikuwa ameiba faili la majina. Programu ikiwashwa hukaa mahali papya, kwa hiyo Bundi akachukua anwani moja iliyohusika na stoo, akaondoa namba ya pale programu inapoanzia, ukabaki umbali. Dibaga ikautafuta umbali ule kwenye faili.

FUNGUA_STOO.

Kidole kikaenda kwenye kitufe.

Kikasita.

Dibaga ina tabia ya mpiga ramli: ukiipa faili lisilo lake, haisemi "sijui". Itataja jina lolote lililo jirani, tena kwa kujiamini. Akalinganisha muhuri wa faili, namba inayotambulisha toleo lake, na wa programu.

Haikufanana.

Walanguzi walikuwa wameiunda upya programu asubuhi, na kila kazi ilikuwa imehama nyumba.

"Bundi?"

"Nivumilie, Shangazi."

Mwandishi wa programu hujiwekea nakala ya majina, maana naye hukosea. Bundi akaipekua kompyuta ya mwandishi huyo kupitia mtandao wa jengo, akalikuta faili jipya, akalipakia. Anwani ileile ikataja jina lake halisi.

MWAGA_GESI.

Nusura amuue Shangazi kwa mkono wake mwenyewe.

Akaitafuta FUNGUA_STOO ya kweli, akaiamuru ifanye kazi.

"Umefunguka," Shangazi akasema. "Natoka."

Bundi akamsubiri apite, kisha akafunga milango mingine yote, walanguzi wakiwa ndani, akawaita polisi.

Kwenye korido ya kutokea, mwanamke mfupi aliyekuwa akihema alimgonga bega.

"Samahani, kaka."

Angeitambua sauti ile popote. Alitamani kumwambia ni yeye, lakini angefungua mdomo tu, angejulikana, na kesho redio ingekuwa kimya.

Bundi akatikisa kichwa kuonyesha hapana shida. Akatia mikono mifukoni, akatoka kwenye jua la mchana, akavuka barabara bila kugeuka.