Oili Kwenye Breki ya Mbele

Majirani zangu, wote mnanijua. Mimi ndiye Dakika, fundi pikipiki wa karakana ile nyuma ya nyumba yetu. Mliniita hivyo kwa sababu kila mteja namwambia "dakika moja tu", naye anakaa mpaka alasiri. Chekeni tu. Nikimaliza hamtacheka.

Asubuhi za kwetu zilikuwa za raha. Mama analeta birika la chai, Baba anafagia mlangoni, mimi na mdogo wangu tunapanga spana juu ya gunia. Huyo mdogo wangu mlimwita Taratibu. Mtu mzima yule, ana mke, lakini akifungua nati utadhani anamvua soksi mtoto aliyelala.

Basi asubuhi moja Baba akavuta turubai lililofunika pikipiki yake ya ujanani. Ilikuwa imekaa pale miaka kumi na mbili, breki ya mbele imeganda kabisa. Akasema, "Taratibu, ifufue hii. Ukiiweza breki yake, ni yako."

Ni yako! Mimi mkubwa nimesimama hapohapo na spana mkononi, jina langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Nisiwafiche, wivu ulinishika. Tayari wateja walikuwa wanafika, wananisalimia vizuri, kisha wanauliza, "Taratibu yupo?" Mama naye kikombe cha kwanza alimpa yeye. Taratibu ndiye aliyekaa karibu na mlango, ndiyo sababu, lakini mimi kile kikombe kiliniuma kila siku.

Sasa sikilizeni. Pikipiki zote tunazotengeneza kwetu zina breki za waya. Ile ya Baba peke yake ilikuwa na breki ya diski, inayosukumwa na mafuta. Taratibu hakuwahi kuishika ya namna hiyo. Mimi nilikuwa nimezitengeneza mwaka mzima kwenye karakana nyingine, na yeye alijua.

Alifanya kazi nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Alichomoa pistoni iliyong'ang'ania kutu, akaisugua kwa msasa laini mpaka ikang'aa, akaweka raba mpya, akabadilisha pia mpira wa kupitishia mafuta uliokuwa umepasuka. Kila aliyepita alisimama kutazama. Mimi nilijifanya natafuta nati chini ya meza.

Kisha akanijia na kifuniko cha kile kikopo cha mafuta kilicho kwenye usukani. Maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa uzee.

"Kaka, humu panaingia mafuta gani?"

Jibu nililijua: mafuta ya breki tu. Oili ya injini huzivimbisha raba zile, breki ikabana isiachie. Nikasema, "Mafuta ni mafuta, bwana. Weka oili hiyo hapo."

"Una uhakika?"

"Kwani fundi nani hapa?"

"Haya, kaka. Asante."

Asante! Aliniambia asante, jamani.

Nilitaka aaibike tu, wallahi. Nilidhani breki itagoma palepale mbele ya Baba, nami niingie kuitengeneza. Haikugoma, maana raba huchukua siku kadhaa kuvimba. Baba aliizungusha uani, akabana breki, ikasimama vizuri kabisa. Akamkumbatia Taratibu. "Huyu ndiye fundi!" Mimi nikaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Siku ya tatu Taratibu aliisukuma, akakunja uso. "Kaka, mbona gurudumu la mbele zito?"

"Raba mpya hizo. Zitazoea."

Hapo ningeweza kuiokoa nyumba yetu, ndugu zangu. Nilipewa nafasi ya pili nikaitupa, eti kwa sababu wateja wawili walikuwa kwenye benchi nami nikaona haya.

Siku ya nne nilikwenda dukani kuchukua spoku, zile njiti za gurudumu. Niliporudi, turubai limekunjwa, pikipiki haipo. Taratibu alikuwa anafunga mnyororo wa mteja.

"Iko wapi?"

"Baba kaiomba. Kaenda kumwonyesha rafiki yake kule kwenye mashine ya kusaga."

Njia ya kule ni mteremko mtupu. Nilizitupa spoku nikakimbia. Kiatu kimoja kilinitoka, sikugeuka. Nilimwita Baba njia nzima, watu wananishangaa. Nilimkuta chini kabisa ya mteremko, amelala barabarani, na gurudumu la mbele limekaza hata watu wawili hawakuweza kulizungusha. Nyonga yake ilikuwa imevunjika.

Hospitalini Taratibu alilia mbele ya wote. "Ni mimi. Breki nimeifunga mimi." Nilimwacha alie siku mbili nzima, mniheshimu kwa hilo mkiweza. Siku ya tatu Mama akamwambia asishike tena spana nyumbani kwake, nami nikashindwa kuvumilia. Nikasema yote, nimesimama kando ya kitanda cha Baba.

Baba hakunitukana. Alinitazama, akasema, "Wameniambia ulinikimbilia mpaka kiatu kikakutoka."

"Ndiyo, Baba."

"Ulikimbia kwa sababu niliyepanda ni mimi. Angekuwa mdogo wako je, ungekimbia?"

Taratibu alikuwa amesimama upande wa miguuni, ameshika glasi ya maji. Akanigeukia, anasubiri. Mimi nikainama kuvitazama viatu vyangu. Akaiweka glasi mezani, akatoka nje.

Baba sasa anatembea kwa mkongojo. Taratibu amefungua karakana yake mtaa wa pili. Ananisalimia, "Shikamoo, kaka," anauliza hali ya watoto. Lakini nikimkuta amekwama kwenye kazi ninayoijua, haniulizi; anainamia kazi yake mpaka nipite.

FUNZO

Wivu wangu haukumpiga mtu wala kumtukana mtu. Ulijibu swali vibaya, basi, na nyumba ikavunjika. Wenye ujuzi, mkiulizwa na mdogo wenu, mwenzenu, hata mshindani wenu, mjibuni kweli, hasa siku ile roho inapowauma. Ukishadanganya, rudi useme kabla mtu hajapanda, hata kama benchi limejaa wateja. Nanyi wazazi, mkimsifu mtoto mmoja, mtazameni na mwingine usoni. Sijitetei kwa hilo. Kosa ni langu.

Swali la Baba nimelijibu peke yangu mara nyingi, na jibu ni lilelile mnalolidhani: nisingekimbia. Ndiyo maana nimewasimulia.