Luhende na Asili ya "Spade"

Luhende alijua jibu lake ni la uongo, akalitoa hivyo hivyo.

Mwalimu Elineema alikuwa amewapa darasa la sita, pale Sapiwi, kazi ya nyumbani: watafute maana na asili ya neno la Kiingereza "spade". Mmoja angechaguliwa kwenda kwenye shindano la shule mjini Bariadi, ambako shule itakayoshinda ingepewa sanduku la kamusi. Luhende hakutafuta lolote. Jioni ile alikuwa shambani na kundi la kulima pamba, akiongoza nyimbo. Huko, mwenye kejeli kali ndiye bingwa.

Kesho yake Mwalimu aliitwa ofisini, akaagiza wasikilizane na kupiga kura.

Yusta akasimama. "Spade ni sepetu. Ni neno la kale la Kiingereza, na lina ndugu yake katika Kigiriki: neno la kitu bapa na kipana, hata ubapa wa upanga."

"Upanga!" Luhende akadakia. "Bebe, wewe Yusta, mama yako analimia upanga? Ndiyo maana kwenu mnashindia michembe ya viazi vikavu!"

Darasa likaangua kicheko. Luhende akapanda juu ya dawati, akaimba kwamba Mzungu mmoja, Bwana Spedi, alichimba kisima Nassa, watu wakakiita chombo alichochimbia kwa jina lake. Wenzake wakaitikia na kugonga madawati. Yusta alijifunika uso kwa sweta. Kura zote zikaenda kwa Luhende.

Huko Bariadi akaeleza habari za Bwana Spedi mbele ya ukumbi mzima.

"Umeyasoma wapi hayo?" jaji akauliza.

Luhende akajaribu kuimba. Hakuna aliyeitikia. Kisha ukumbi ukacheka, na safari hii aliyechekwa ni yeye.

"Kaa chini, mtoto. Anayefuata!"

Aliporudi shuleni alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nitamwomba Yusta radhi."

"Utamwomba, tena mbele ya darasa. Mimi pia nitamwomba, maana niliacha kura ifanye kazi yangu. Usilolijua, sema hulijui. Kelele hazigeuzi uongo kuwa kweli. Zinamnyamazisha tu anayejua. Sasa sikia ulichotugharimu. Sanduku la kamusi limekwenda kwa washindi, shule ya Nkololo. Sisi tumebaki na kamusi moja isiyo na jalada. Shindano ni la darasa la sita tu, kwa hiyo Yusta hatalipata tena. Na tangu siku ile, nikiuliza swali, hanyooshi mkono."