Karatasi ya Pili ya Barua ya Specioza

Kila Jumamosi, akishateka maji na kufagia ua, Nyamizi alipita parokiani kuchukua barua, kisha akaketi mbele ya baba yake na kumsomea. Mzee Mayige aliijua mizani ya pamba kuliko karani yeyote wa kijiji chao cha Nkoma, lakini herufi hakuzijua. Nyamizi, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba hiyo, na cheo hicho kilimpendeza kuliko kazi yenyewe.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mwaka 1996, ilikuja barua kutoka Uholanzi, alikokuwa dada yake Specioza kwa masomo ya uuguzi. Ilikuwa na karatasi mbili, zimejaa maandishi pande zote. Specioza alieleza kwamba amepata mchumba, Mholanzi aitwaye Pieter, na kwamba njia za kufunga ndoa ni tatu. Ya kwanza, waoane huko huko kabla viza yake ya masomo haijaisha. Ya pili, arudi nyumbani, aombe viza ya mchumba, na angoje miezi isiyojulikana idadi. Ya tatu, Pieter aje Bariadi, waoane hapa, ndipo Specioza aombe viza ya mke.

Nyamizi alifika mwisho wa karatasi ya kwanza. Nje ya ua, rafiki yake Mhoja alikuwa akipiga kelele.

"We Nyamizi! Unasoma barua au unasoma Biblia? Mchezo wa rede umeshaanza!"

"Wasalaam, ni mimi binti yenu, Specioza," Nyamizi alimalizia kwa maneno ya kichwani mwake, akaikunja barua, akatoka mbio.

Mzee Mayige alibaki na njia tatu mkononi. Akidhani anaombwa achague, aliita ukoo.

Ukoo ulikaa Jumapili tatu mfululizo. Baba mdogo Luhaga aliitaka njia ya pili. "Arudi kwanza. Binti haozwi akiwa hayupo." Mzee Shigela, aliyewahi kuuza samaki Lamadi na kuyaona magari ya watalii yakielekea Serengeti, na kwa sababu hiyo akahesabiwa mjuzi wa mambo ya Wazungu, aliishikilia ya tatu. "Mzungu aje. Tumwone anavyokula."

"Hebu kwanza," mzee mwingine aliuliza Jumapili ya tatu, "hiyo viza ni kitu gani hasa?" Mjadala ukaanza upya.

Nyamizi aliwagawia wazee uji huku akitamani kupiga mayowe. Mjadala wote huo haukuwa na kazi, naye alijua. Siku mbili baada ya barua kufika, alipokuwa akibandua stempu ya kigeni kwenye bahasha, aliisoma karatasi ya pili. Dada alikuwa ameandika waziwazi: "Nimechagua njia ya kwanza. Ninachohitaji ni hati ya kiapo ya baba, mbele ya hakimu, kwamba sijawahi kuolewa. Ifike kabla ya tarehe ishirini Septemba, hata kwa faksi. Nikiikosa, itanibidi niondoke."

Siku ile kusema kungemletea karipio. Kila Jumapili ilipopita, aibu iliongezeka, naye akazidi kunyamaza.

Jioni ya tarehe kumi na tano, baba alimpa kalamu. "Wazee wamekata shauri. Mwandikie dada yako: arudi nyumbani."

Nyamizi aliitazama kalamu. "Baba, siwezi kuandika hivyo. Barua sikuisoma yote." Kisha akasoma karatasi ya pili, kila neno.

Mzee Mayige aliichukua tena kalamu. "Wanaume kumi na mmoja," alisema. "Jumapili tatu."

Asubuhi wakaenda Bariadi kwa baiskeli. Hakimu alikuwa safarini; wakaambiwa warudi Jumatano. Jumatano alikuwapo.

"Binti yako Specioza amewahi kuolewa?"

"Ng'ombe wa Mahona, aliyemposa zamani, tuliwarudisha wote, na ndama wao," alijibu Mzee Mayige.

"Mzee, sijauliza ng'ombe. Aliolewa?"

"Bila ng'ombe angeolewaje?"

Hakimu akashusha pumzi. "Naandika hakuolewa. Tia dole gumba hapa."

Faksi ilikuwa katika ofisi ya kampuni mojawapo ya watu binafsi walioanza kununua pamba baada ya biashara hiyo kufunguliwa. Siku hiyo simu ilikuwa imekatika. Wakalala kwa ndugu. Alhamisi, tarehe kumi na tisa, karatasi ilipita, na mchana karani akawaletea jibu la mistari miwili: hati imepokelewa, ndoa itaandikishwa.

Nyamizi alianza kulia. Baba yake hakumbembeleza.

"Sikiliza, mayu, mwanangu. Redio inasema nami simjui anayesema. Wewe nakujua, kwa hiyo nilikuamini. Msomaji anayeruka maneno ananidanganya hata kama kila alilotamka limeandikwa. Ungeniambia siku ile ile, ningekugombeza kwa dakika tano, tukaja hapa bila haraka. Uvivu wako ulikuwa wa jioni moja. Woga wako ndio uliokula wiki mbili, na nusura umle dada yako. Ukikosea, sema kosa likiwa bado dogo."

"Nimesikia, baba."

"Vizuri. Jumapili nitawaita wazee wote, na utawaeleza wewe mwenyewe. Mzee Shigela ataanza na maswali."